Salamu za Saa Sita

Ratiba ya kwanza niliyopata maishani niliandikiwa na mdogo wangu wa kiume, kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu mbili: ya bluu kwa kazi, nyekundu kwa mapumziko. Juu aliandika kwa herufi kubwa HORAIRE YA YAYA, akapiga mstari chini yake mara mbili, kisha akaibandika ukutani karibu na mashine yangu ya kushona. Saa kumi na mbili na nusu, kufagia na kuwasha moto. Saa moja, kukata kitambaa. Saa tatu, kuunga pande. Saa tano na robo, dakika kumi za kunywa maji. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu hapa mjini, na huko walikuwa wamemfundisha kwamba siku isiyopangwa hupotea. Nilimshukuru kwa moyo wote. Ilikuwa karatasi nzuri. Ilikosa kitu kimoja tu: haikuwa na mstari wa jambo, yaani salamu.

Mashine yangu iko barazani, maana ndani mwanga hautoshi, na baraza letu linatazama njia. Hapa Kasenga, mtaani kwetu Uvira, kila mtu anapita njiani, na kila anayepita anasalimu, na salamu yetu haimalizwi kwa neno moja. Unaulizwa kwanza umeamkaje. Halafu habari ya nyumba, halafu watoto, halafu yule aliyekuwa na homa juma lililopita, halafu mvua ya jana kama iliingia ndani au ilipita tu. Ukijibu "nzuri" na kuinamia kazi yako, utasikia nyuma ya mgongo: "Ule binti siku hizi iko na majivuno." Jirani yangu anayeuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, mbele ya ua wetu ni mtu wa bonde la Ruzizi, na yeye husalimu kwanza kwa Kirundi, kisha anarudia yote kwa Kiswahili, kana kwamba ile ya kwanza haikufika.

Juma lile nililopewa ratiba lilikuwa juma kubwa kwangu. Jumatatu asubuhi mkuu wa shule ya msingi iliyo juu ya avenue yetu, mwanamke ambaye sote tunamwita Madame, alikuja na jora la kitambaa cha bluu juu ya bega la mpagazi, pamoja na orodha ya viuno vya wasichana thelathini na sita. Alitaka sketi za marinda, kwa ajili ya kufungua mwaka wa shule Jumatatu iliyofuata.

"Fundi, tusidanganyane," aliniambia. "Jumamosi saa sita ya muchana nafunga mulango wa biro yangu. Zikiwa pale, kazi hii ni yako kila mwaka. Zisipokuwa pale, iko fundi mwingine kule soko na mashine tatu."

"Zitakuwa pale, Madame."

"Bafundi bote banasemaka vile."

Alikuwa na haki. Noeli iliyopita nilimchelewesha gauni lake. Alisali ibada ya Noeli na gauni la mwaka uliotangulia, nami nilikuwa benchi la nyuma yake, nikitazama mgongo wake muda wote wa mahubiri.

Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, mama alipotuacha, baba akiwa ametangulia. Tulibaki watatu: mimi, huyu wa kiume, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye siku zile alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Mashine, ya kukanyaga kwa mguu, ilikuwa ya mama. Kushona nilifundishwa na mama mmoja wa Nyamianda, aliyenipiga vidole kwa rula kila mshono wangu ulipokwenda upande. Tangu hapo nimeshona viraka, nimebadilisha zipu, nimefupisha suruali za watu warefu kwa ajili ya watu wafupi. Hakuna aliyewahi kuniahidi kazi ya mwaka kesho. Kazi iliyonijia ilikuja leo na kuisha leo. Kwa hiyo maneno ya Madame, "ni yako kila mwaka", niliyasikia kama mtu aliyeambiwa kaa, kiti hiki ni chako.

Sketi thelathini na sita, siku sita. Hata niliyeacha shule niliweza kugawanya hiyo.

Jumatatu jioni zilikuwa mbili.

Sikukaa bure. Salamu zilikula asubuhi, na mchana ukaliwa na neno yaya. Kwetu Uvira, yaya ni dada au kaka mkubwa. Mdogo wangu aliwahi kuniambia kwamba katika kamusi zake yaya ni mwanamke anayelipwa kulea watoto wa watu. Nilimjibu kwamba kamusi zimekosea kidogo tu, kwenye ile sehemu ya kulipwa. Jumatatu ile niliitwa yaya kuhusu kisu, kuhusu ndoo, kuhusu kalamu nyekundu ile ile iliyoandika mapumziko yangu, kuhusu kuku wa jirani aliyeingia chumbani, na mara moja niliitwa nikainuka nikaenda, nikaambiwa: "Aa, hapana, nimeshaikumbuka." Kila nikirudi mashineni ilinibidi nitafute upya mahali nilipoishia. Mshono ukiukatiza, uzi hauvunjiki, lakini kichwa chako kinavunjika.

Jumanne niliendelea na marinda. Sketi moja ina marinda kumi na mawili, na kila rinda linataka pini juu na chini mpaka pasi ipite. Pini ukiziweka mezani zinateleza, ukizichomeka kifuani zinakudunga. Yule mama wa Nyamianda alinizoesha kuzishika kwa midomo, vichwa vikiwa nje, ili mkono uchukue bila jicho kutafuta. Ndivyo nilivyokuwa, nimeinama, pini nane mdomoni, wakati mama mmoja wa avenue ya pili alipopita na beseni lake.

"Jambo yaya wa hapa! Umeamuka aje?"

"Mmm."

"Na batoto ba nyumba?"

"Mmm!"

"Ooo, kumbe uko na mapini. Kazi njema, mama!"

Akaenda zake. Niliinua kichwa nikamtazama mpaka akavuka mfereji. Salamu ambayo kila siku ilinichukua muda wa kushona upande mzima wa sketi ilikuwa imekwisha kabla mguu wangu haujapoa. Tena hakukasirika. Alinitakia kazi njema!

Kufika mchana nilikuwa nashona mishono iliyonyooka, isiyohitaji pini hata moja, na pini zilikuwa bado mdomoni. Nilijifunza kuimba salamu kwa pua. Nilikuwa na mm tatu: ile ya kupanda, maana yake nzuri kabisa, ile fupi ya katikati, maana yake ndiyo, na ile ndefu ya kushuka, ya kuwapa pole wagonjwa. Wadogo zangu nao wakiniita nilijibu kwa mm, na kwa kuwa hawakuweza kujua mm hiyo inasema kisu kiko wapi, walikwenda kukitafuta. Jumanne jioni sketi saba zilikuwa zimekunjwa juu ya zile mbili. Nilikula bugali huku nacheka peke yangu.

Jumatano muuza ndagala aliacha meza yake akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Weye," alisema, "tangu jana husemi. Unaumwa jino?"

"Mm-mm."

"Umegombana na muntu?"

"Mm-mm."

Aliitwa na mteja, akaenda kupima kikombe cha ndagala, akarudi. Wakati huo nilikuwa nimefika kwenye sketi ya msichana mwembamba kuliko wote katika orodha, ambayo marinda yake yalikataa kuenea kiunoni, nami nilikuwa nayahesabu kwa mara ya nne. Kilichosemwa pale nilisimuliwa baadaye na yeye mwenyewe, maana mimi sikusikia neno hata moja.

"Basi uko nafunga?"

"Mm."

"Unafunga kula na kusema pia?"

"Mm."

"Ni maombi ya kupata bwana?"

Hapo rinda la mwisho likakubali kulala, nami kwa furaha nikatoa ile mm ya kupanda, ndefu na tamu.

Bwana, kwetu, ni mume. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na wako watu mtaani waliokuwa wakinihesabia kila mmoja wa miaka hiyo.

Saa nane mchana walifika akina mama watatu wa kikundi cha maombi. Walivua viatu wasikanyage kitambaa, jambo ambalo nawashukuru mpaka leo. Mmoja aliweka mkono juu ya kichwa changu, mwingine juu ya kichwa cha mashine. "Dada yetu, hauko peke yako," wakasema, na kabla sijaelewa ninafarijiwa kwa msiba gani, wimbo ulikuwa umeanza. Waliniombea mwanamume mwenye kazi. Wakaniombea asiyelewa. Mkubwa wao, ambaye maisha yalikuwa yamemfundisha mambo, aliniombea mama mkwe asiyesikia vizuri. Ningeweza kutema pini na kusema ukweli. Lakini nilipoelewa, mmoja wao alikuwa analia, machozi kabisa, na sikujua utamwambiaje mtu anayekulilia kwamba wewe ulikuwa unahesabu marinda tu. Mikono yangu iliendelea kukunja kitambaa chini ya meza, bila macho, mpaka walipomaliza saa kumi.

Mdogo wangu aliporudi kutoka chuoni alisimama mbele ya ratiba yake kwa muda mrefu.

"Yaya," alisema, "maombi hayamo mu horaire."

Sketi nne siku ile. Zote pamoja kumi na tatu. Nilikaa juu ya ngazi nikawaza fundi wa sokoni na mashine zake tatu zikilia kwa pamoja.

Kutoka Kasenga mpaka Makobola ni mwendo wa barabara ya Fizi, ziwa kushoto, milima kulia, na ukipata pikipiki nzuri unafika ukiwa na mavumbi tu. Habari yangu haikuhitaji hata pikipiki. Alhamisi saa tatu asubuhi mama yangu mdogo, anayemfuata mama yetu kuzaliwa, alishuka mbele ya ua na samaki wanne wa ziwani, mukeke, waliofungwa kwa majani, kifurushi cha mihogo, na uso wa mtu aliyekuja matangani.

"Mwanangu!" alilia. "Unafunga juu ya bwana, na hauniite? Minye niko muntu gani kwako? Sikia: iko mwalimu moja kule kwetu, bibi yake alikufa, iko na mbuzi sita, haguse pombe..."

Nilitema pini zote mkononi.

"Mama mudogo, sifungi. Ninashona."

Alitazama kitambaa. Alitazama kiganja changu.

"Na mapini?"

"Ni ya kunyamazisha watu."

Kitu kilianza mabegani mwake, kikashuka tumboni, akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Muuza ndagala alikuja mbio akidhani ni msiba. Akaelezwa.

"Lakini ulisema mm!" alinigeukia. "Nilikuuliza mbele ya Mungu, ukasema mm!"

"Nilikuwa nahesabu marinda!"

"Na bale bamama balilia vile! Mumoja alinunua hata leso mupya!"

Tulicheka wote watatu, na kicheko kile nacho kilikula muda, lakini sikukihesabu. Mama mdogo ndiye aliyehesabu. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akauliza zimebaki ngapi. Nikamwambia ishirini na tatu. Na siku? Leo, kesho, na Jumamosi mpaka saa sita.

"Weye uko mujinga kidogo," alisema kwa upole. "Muntu anakuletea jambo, unaifungia mulango na chuma. Jambo haikatae weye ushone. Inataka tu muntu wa kuipokea."

Akavuta kigoda, akakiweka kwenye ngazi ya mwisho ya baraza, akajifunga kitenge vizuri, akakaa, uso njiani, mgongo kwangu.

"Shona," alisema.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi viatu wa kona, mtu ambaye salamu zake zilijulikana kwa urefu.

"Jambo, mama. Yaya iko?"

"Iko. Iko mu kazi. Nipe jambo yake, nitamupa saa sita."

"Utamupa... jambo?"

"Yote. Haitapotea. Bibi yako anaendelea aje?"

Alisimama kidogo, kama mtu aliyeombwa kuacha kiatu chake bila risiti. Kisha akaanza kueleza. Mkewe alikuwa na mguu unaouma. Mguu ulianza siku ile ya mvua kubwa. Mama mdogo alitaka kujua ni mguu upi, na maji ya moto walijaribu, na chumvi je. Huko Makobola mihogo yake ilikuwa ardhini inajikuzia yenyewe, alikuwa na siku nne za kwake, na hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko habari za watu. Nilisikia sauti zao kama mtu anavyosikia ziwa kutoka ndani ya nyumba. Mguu wangu haukusimama.

Saa sita niliinua mguu. Mama mdogo alizungusha kigoda, akanitazama, akaanza kunikabidhi.

Mke wa fundi viatu anasalimu. Ni mguu wa kushoto. Anaweza kusimama, kukimbia bado. Mama wa avenue ya pili anasalimu. Binti yake amefaulu mtihani, wanatafuta daftari. Mzee wa pale juu anasalimu, anauliza suruali yake, nimemwambia Jumatatu, asikudanganye kwamba ulimwambia leo. Wale akina mama wa maombi wamepita, nimewaeleza, wamecheka, ila mkubwa wao anasema ombi limeshafika juu na halirudishwi. Kijana fulani amesalimu mara mbili bila kuwa na habari yoyote, huyo nitamwangalia mimi mwenyewe.

Nilijibu moja moja. Huyu mpe pole, yule mwambie daftari ninazo mbili za mwaka jana zenye kurasa safi. Yeye aliyabeba majibu kwa ajili ya jioni. Tulikula bugali na mukeke, na salamu zilikuwa kama mboga ya pili mezani. Niligundua kitu ambacho kiliniaibisha kidogo na kunifurahisha zaidi. Miaka yote ile nilikuwa nikipokea salamu nusu na kushona nusu. Nilisema "nzuri" na "pole" bila kusikia ni nini kilikuwa kizuri na nani aliyeumia. Mke wa fundi viatu alikuwa na mguu majuma matatu, naye mumewe alikuwa ameniambia, mimi nikiwa naweka uzi kwenye sindano. Sasa kwa nusu saa moja nilizisikia zote, mikono ikiwa mitupu, na hazikuniondolea hata sketi moja.

Mchana ule ule mdogo wetu wa mwisho alitoka jikoni.

"Yaya! Chumvi iko wapi?"

"Yaya haiko," alijibu mama mdogo bila kugeuka.

"Namuona pale!"

"Ule ni fundi. Yaya atarudia saa kumi na mbili. Chumvi uliitafuta na macho ao na mudomo?"

Zikawa ishirini jioni ile.

Ijumaa watu walishazoea. Wengine walifika makusudi saa sita kasoro, ili salamu zao zifike zikiwa moto. Fundi viatu alimuuliza mama mdogo kama jambo lake la jana lilifika salama. Nami nilikuwa nimebadilisha mtindo: badala ya kumaliza sketi moja ndipo nianze nyingine, nilikunja marinda ya zote zilizobaki, nikapiga pasi zote makaa yakiwa bado mekundu, kisha nikaanza kuunga. Mikono ikifanya kitu kile kile mara nyingi inaacha kuuliza maswali. Mashine ililia kwa mlio mmoja mrefu.

Yapata saa nne mlio ukasimama, na ni mimi niliyeusimamisha. Kitu kilikuwa kimepungua. Nilisikiliza. Tangu asubuhi hakuna aliyeniita yaya. Hata mara moja. Niliondoka mashineni, nikapita nyuma ya nyumba mpaka jikoni. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anakoroga sombe ya majani ya mihogo, ulimi nje kwa bidii. Yule wa kiume, ambaye hakuwa na masomo siku ile, alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Moto ulikuwa mzuri. Ndoo zilikuwa zimejaa. Wote wawili waliniangalia.

"Unatafuta nini, Yaya?"

Nilifunua ndoo moja, nikaifunika tena.

"Chumvi," nikasema.

Waliangaliana, wakaangua kicheko hata mwiko ukaanguka. Nilirudi barazani nikiwa na uso wa moto. Mama mdogo hakugeuka, lakini mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Nilishona huku nikiwaza. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba watoto hawa hawaniachi nifanye kazi. Kumbe kila walipoita, kuna kitu ndani yangu kiliruka juu kwa furaha kabla mguu haujainuka. Tangu mama alipotutoka niliitwa na nikafika. Ndivyo tulivyoishi, ndivyo hakuna aliyelala njaa. Hakuna aliyeniambia kwamba mmoja ana miaka kumi na tisa na mwingine anajua kupika sombe. Muda wangu wote niliodhani unaibwa, sehemu kubwa nilikuwa nautoa mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa kupenda kuitwa. Sikuhuzunika. Nilihisi wepesi, kama mtu aliyevua koti zito na kugundua kwamba jua lilishatoka zamani.

Ijumaa jioni zilikuwa thelathini, na sita zilizobaki zilisubiri mikanda ya kiunoni na vifungo.

Jumamosi asubuhi muuza ndagala alifunika meza yake kwa nailoni, akaja akakaa sakafuni. "Minye njo nilianzisha ile maneno ya kufunga," alisema. "Leta vifungo." Vidole vyake vilinuka samaki, nikampa sabuni kwanza, akalalamika kwamba nimekuwa Madame kabla ya Madame. Mimi mikanda, yeye vifungo, mdogo wetu wa mwisho akikata nyuzi zilizoning'inia. Saa tano na nusu, sketi ya mwisho ilikunjwa.

Sikuwa nimefikiria barabara. Kutoka kwetu mpaka shuleni si mbali, lakini ni Kasenga yote, na ni Jumamosi, na kila mtu alikuwa nje, na kila mtu alijua kisa cha pini. Mdogo wangu alibeba furushi moja kichwani, mimi jingine. Mama mdogo akatangulia mbele, mikono mitupu, akipokea salamu kulia na kushoto kama mchungaji anayetoka ibadani.

"Jambo, jambo! Iko na haraka, nipe minye! Ndiyo, tutamwambia! Pole na mutoto! Hapana, habebe mapini leo, sema tu na minye!"

Mdogo wangu nyuma yangu alikuwa anacheka hata furushi likayumba. "Yaya," alisema akihema, "hii nitaiandika mu horaire. Saa tano na nusu: mama mudogo."

Tulimkuta Madame na funguo mkononi. Aliangalia saa yake, akaangalia mafurushi, akarudi ndani bila neno na kufungua orodha yake juu ya meza. Hakunionea huruma. Kila sketi aliigeuza ndani nje. Alivuta vifungo. Alipima viuno kwa futi yake mwenyewe, si yangu. Mimi nilisimama, mikono nyuma, nikisikiliza kengele ya kanisa ikipiga saa sita na yeye akiwa kwenye sketi ya ishirini. Alipofika ya thelathini na moja alisimama, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Fundi. Hii iko na marinda kumi na moja."

Niliitambua. Ilikuwa ya Jumatano mchana, ile niliyoikunja chini ya meza.

"Ilipatwa na nini?"

"Iliombewa, Madame."

Alinitazama juu ya miwani. Mama mdogo, mlangoni, hakuweza kujizuia akaanza kusimulia, na kwa kuwa alikuwa yeye, alisimulia yote, pamoja na mbuzi sita. Sijawahi kumwona Madame akicheka kabla ya siku ile. Anacheka bila sauti, macho yamefungwa, mkono juu ya orodha isije ikapeperuka. Alipomaliza aliikunja ile ya marinda kumi na moja, akaiweka juu ya nyingine.

"Huyu atakuwa na baraka," alisema. "Rinda moja haliui." Kisha akaandika kitu pembeni ya orodha, akanigeuzia nisome mwenyewe. Alikuwa ameandika: mwezi wa sita, mbele ya likizo, fundi aje kupima watoto.

Nilisoma mara mbili. Neno "aje" lilikuwa zuri kuliko maneno mengi niliyowahi kusoma.

Mama mdogo alirudi Makobola Jumapili, na kigoda tukakiacha pale pale kwenye ngazi. Jumatatu asubuhi, saa ambayo ratiba inasema kukata kitambaa, nilijifunga kitenge safi nikaenda kusimama kando ya njia, chini kidogo ya lango la shule. Sikubeba kazi yoyote. Walikuja kwa makundi, kwa wawili wawili, wengine wakikimbia, mashati meupe na sketi za bluu. Zangu nilizijua kutoka mbali. Msichana mmoja mwembamba sana alifika kwenye mfereji, akausoma upana wake, akarudi nyuma hatua tatu na kuruka, na hewani marinda yote yakafunguka kwa pamoja, kisha alipotua yakalala, kila moja mahali pake.

"Fundi!" Madame aliniita kutoka langoni. "Kitambaa cha makaptula ya bavulana kimefika. Kuja ukione!"

"Nitakuja, Madame," nilimjibu. "Sasa hivi ninaangalia."

Na yule mwembamba, pale ng'ambo, alikuwa amegeuka kuutazama mfereji kama mtu anayewaza kuuruka tena.